Kujiegesha Mchana

Lawama ya kwanza hubebeshwa ugali. Mtu akianza kutikisa kichwa mbele ya kompyuta saa nane mchana, wenzake hucheka na kusema msosi umemlewesha. Na ikijulikana alikula wali wa nazi na maharage, atasemwa hadi jioni. Chakula kizito kina mchango wake, hilo halina ubishi, lakini chanzo kiko kwingine. Watafiti wamewahi kuwalisha watu kidogo kidogo kila saa kutwa nzima, bila mlo mkubwa wa mchana, na bado umakini ulishuka mapema mchana. Aliyefunga Ramadhani analijua hili bila kwenda maabara: tumbo halina kitu, na baada ya Adhuhuri kope ni nzito vilevile, ingawa yeye ana pia deni la kuamka kula daku.

Maelezo yanayokubalika zaidi yalitolewa mwaka 1982 na Alexander Borbély wa Chuo Kikuu cha Zurich. Alisema usingizi unaongozwa na mambo mawili yanayokwenda sambamba. La kwanza ni hamu ya kulala inayolimbikizwa tangu tunapofungua macho asubuhi. Kadiri ubongo unavyofanya kazi ndivyo kemikali iitwayo adenosini inavyojikusanya ndani yake, na usingizi ndio unaoiondoa. La pili ni saa ya mwili, inayofuata mwanga wa jua, ambayo hutuma ishara ya kutuweka macho na kuizidisha jinsi jioni inavyokaribia. Mapema mchana mambo haya mawili yanapishana. Adenosini imeshakuwa nyingi, ilhali ishara ya kuamsha haijapanda vya kutosha kuizidi nguvu. Ndiyo maana aliyekuwa akisinzia saa nane anaweza kuwa mchangamfu saa kumi na mbili jioni, akicheza mpira au akibishana barazani, bila kuwa amelala hata dakika moja.

Kutoka hapo ni rahisi kuruka na kusema kwamba binadamu ameumbwa alale mara mbili kwa siku, na kwamba ofisi na viwanda ndivyo vilivyotunyang'anya haki yetu ya asili. Wapenzi wa usingizi wa mchana hulisema sana hilo. Wahadzabe wa pande za Ziwa Eyasi wanalitia doa. Mwaka 2015 Jerome Siegel wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, na wenzake walichapisha matokeo ya kuwavisha vipima-usingizi vya mkononi Wahadzabe wa Tanzania, Wasan wa Namibia na Watsimane wa Bolivia, watu wanaoishi bila taa za umeme na bila bosi. Usiku walilala kati ya saa 5.7 na 7.1, muda usiozidi wa mkazi wa mjini. Mchana walilala mara chache: chini ya asilimia 7 ya siku za msimu wa baridi, na chini ya asilimia 22 ya siku za msimu wa joto. Kwa hiyo uzito wa saa nane ni wa maumbile. Kuujibu kwa kulala ni uamuzi, na joto huusukuma uamuzi huo. Anayekuambia kwamba usipolala mchana unauvunja mwili wako anatia chumvi. Lakini hata anayeuita uvivu hajui anachokisema, na sababu inaonekana ukifuatilia kinachotokea ndani ya hizo dakika chache.

Dakika za mwanzo ni za mang'amung'amu. Unasikia redio ya jirani, lakini maneno yake yanachanganyika na picha zisizo na mpango. Hali hii ilidharauliwa kwa muda mrefu kama kizingiti tu cha usingizi, mpaka watafiti wa Paris, Célia Lacaux na Delphine Oudiette wakiwa miongoni mwao, walipoifanyia jaribio lililochapishwa mwaka 2021. Watu 103 walipewa hesabu zenye njia ya mkato iliyofichwa, kisha wakaachwa wapumzike dakika 20 kwenye kiti, kitu mkononi, ili mkono ukilegea kianguke na kuwashtua. Mbinu hiyo inahusishwa na Thomas Edison na mchoraji Salvador Dalí. Waliokaa angalau sekunde 15 katika mang'amung'amu, asilimia 83 waliigundua njia ya mkato waliporudi kwenye hesabu. Waliobaki macho walikuwa asilimia 30. Waliozama zaidi ya hapo walishuka hadi asilimia 14. Sidhani kama ni busara kumpelekea mkuu wa idara matokeo haya kama utetezi, lakini yanaeleza kwa nini jawabu lililogoma asubuhi nzima hujileta lenyewe pale mtu anapoanza kupotea.

Baada ya hapo huja usingizi mwepesi wa kweli. Mapigo ya moyo hupungua, misuli hulegea, na kwenye kipimo cha ubongo huonekana mawimbi mafupi ya haraka ambayo yanahusishwa na kuhifadhi yale uliyojifunza. Hapa ndipo penye faida ambayo mtu mwenye pilika anaitafuta. Ukiendelea kulala, kwa kawaida baada ya dakika 20 au 30 unaanza kuteremka kwenye usingizi mzito, ule wa fofofo, na atakayekuamsha huko atakutana na mtu mwenye mawenge: mdomo mkavu, kichwa kizito, hasira bila sababu, na akili inayochukua dakika nyingi kurudi mahali pake. Watu wengi wanaosema "mimi nikilala mchana naharibika" wameonja mawenge hayo na kuuhukumu usingizi wote kwayo.

Tofauti ya dakika kumi kumbe ni kubwa. Mwaka 2006 Amber Brooks na Leon Lack wa Chuo Kikuu cha Flinders, Australia, waliwachukua vijana waliokuwa wamelala saa 5 tu usiku, wakawalaza mchana kwa dakika 5, 10, 20 au 30, kisha wakawapima kwa karibu saa tatu baada ya kuamka. Dakika 5 hazikusaidia kitu cha maana. Dakika 10 ndizo zilizoshinda: nafuu ilionekana papo hapo, na sehemu yake ikadumu zaidi ya saa mbili. Waliolala dakika 20 walinufaika, ila nafuu ilichelewa kidogo kujitokeza. Waliolala dakika 30 waliamka na mawenge kwanza, ndipo wakachangamka. Ushauri wa kawaida wa kulala dakika 10 hadi 20 unatoka huko, na kama mtu huchukua dakika tano hivi kupata usingizi, basi aitegeshe simu imwamshe baada ya dakika 20 au 25 na asibonyeze kitufe cha kuiahirisha.

Kulala muda mrefu nako kuna kazi yake. Mwaka 2003 Sara Mednick, akiwa Harvard, alionyesha kwamba waliolala mchana kati ya dakika 60 na 90, wakapita kwenye usingizi mzito na ule wa ndoto, waliboresha zoezi la macho kwa kiwango sawa na waliolala usiku mzima. Mwanafunzi anayejiandaa kwa mtihani wa taifa, mwenye Jumamosi tupu mbele yake, anaweza kuutumia mzunguko huo wa dakika 90. Mhasibu aliye kazini hawezi. Na ni afadhali kufika dakika 90 au kuishia 20 kuliko kukatizwa katikati.

Ushahidi ninaouheshimu kuliko wote ulipatikana angani. Shirika la anga la Marekani, NASA, liliwafuatilia marubani wa ndege za Boeing 747 katika safari ndefu za kuvuka Bahari ya Pasifiki; ripoti ya Mark Rosekind na wenzake ilitoka mwaka 1994. Marubani wa kundi moja walipewa nafasi ya dakika 40, kila mmoja kwa zamu yake, kulala palepale kwenye kiti chake wenzake wakiendesha. Kundi la pili lilifanya kazi kama kawaida. Waliopewa nafasi walipata usingizi mara 93 katika kila mara 100, na wastani wa usingizi wenyewe ulikuwa dakika 26. Asilimia za nafuu zinazonukuliwa kila mahali, 34 ya utendaji na 54 ya kuwa macho, zinatoka katika kazi hii. Zinazotisha ni nyingine. Vipimo vya ubongo viliwaonyesha marubani wasiolala wakipotewa na fahamu kwa sekunde chache chache katika dakika 90 za mwisho wa safari, mpaka ndege ilipokuwa ikishuka kutua, na wenyewe hawakuwa na habari. Waliolala hawakuonyesha dalili hiyo hata mara moja katika nusu saa ya mwisho.

Unaweza kudhani kwamba baada ya hapo Marekani iliharakisha kuruhusu. Haikuruhusu. Kanada na nchi za Umoja wa Ulaya zinawakubalia marubani mapumziko ya namna hiyo kwa masharti. Mamlaka ya anga ya Marekani hadi leo haiwaruhusu marubani wa mashirika yake ya abiria kulala kwenye kiti cha kuendeshea. Abiria gani atafurahi kusikia rubani amelala? Watu wanaona usalama katika macho yaliyo wazi, hata kama nyuma ya macho hayo hakuna mtu.

Aibu ya kuonekana umelala mchana si ya dunia nzima. Kwenye pwani yetu kulala baada ya Adhuhuri kuna jina na heshima yake, kailula, na mizizi yake ni ya kale. Aya ya 58 ya Surat An-Nur, katika kutaja nyakati tatu ambazo watoto na watumishi wa nyumbani wanatakiwa kubisha hodi, inautaja wakati wa adhuhuri watu wanapopunguza nguo zao. Maana yake mapumziko ya mchana yalikuwa jambo la kawaida kiasi cha kuwekewa adabu. Katika Sahihi ya Bukhari, Sahl bin Saad anasimulia kwamba siku ya Ijumaa waliahirisha kailula na chakula cha mchana mpaka baada ya sala ya Ijumaa. Nenda Mji Mkongwe wa Unguja saa nane, au Lamu, utakuta baadhi ya maduka yamefungwa na mwenye duka hana haja ya kuomba radhi. Muscat, maduka mengi ya mtaani hufungwa saa saba na kufunguliwa tena saa kumi, na sheria ya Oman inakataza kazi za juani kuanzia saa sita na nusu hadi saa tisa na nusu mchana katika miezi ya Juni, Julai na Agosti. Sheria hiyo iliwekwa kwa ajili ya joto, kulala si lengo lake, ila muda ni uleule.

Ugiriki nayo ina saa za ukimya mchana, kuanzia saa tisa hadi saa kumi na moja na nusu wakati wa kiangazi, ambapo kupigia jirani kelele ni kosa. Hispania, ambayo jina lake halitenganishwi na siesta, mijini watu wengi siku hizi hawalali kabisa; kilichobaki ni siku ya kazi iliyokatwa vipande viwili inayowachelewesha kurudi nyumbani. Japani imekwenda njia nyingine: mwongozo wa usingizi wa wizara yake ya afya wa mwaka 2014 ulimkubalia mfanyakazi aliyelemewa alale mapema mchana, mradi asizidishe dakika 30. Huku kwetu, seminari nyingi za Kikatoliki zina siesta kwenye ratiba, kengele inagongwa na vijana wanapanda vitandani. Kijana huyohuyo akimaliza masomo na kuajiriwa, akionekana kalaza kichwa mezani saa nane anapigwa picha na kurushwa kwenye kundi la WhatsApp. Wabunge wanaosinzia ukumbini wanapata zaidi ya hayo.

Suala la moyo linahitaji uangalifu, maana hapa ndipo vichwa vya habari hupingana kila mwaka. Utafiti uliofungua mjadala ulikuwa wa Ugiriki, ukachapishwa mwaka 2007: watu 23,681 ambao mwanzoni hawakuwa na maradhi ya moyo walifuatiliwa kwa miaka 6 hivi, na wale waliokuwa na desturi ya kulala mchana angalau mara tatu kwa wiki walikuwa na vifo vya maradhi ya mishipa ya moyo pungufu kwa asilimia 37. Nafuu ilionekana zaidi kwa wanaume waliokuwa bado wanafanya kazi. Mwaka 2019 ukaja wa Lausanne, Uswisi. Watu 3,462, miaka 5. Waliolala mchana mara moja au mbili kwa wiki walipata matatizo ya moyo na kiharusi karibu nusu ya wasiolala. Waliolala kila siku hawakuonyesha nafuu yoyote. Tafiti nyingine zimewakuta wanaolala zaidi ya saa nzima wakiwa na kisukari na maradhi ya moyo zaidi ya wengine, na huko Chicago wazee waliolala zaidi ya saa moja kwa siku walikuwa katika hatari zaidi ya kupata ugonjwa wa Alzheimer, kwa asilimia 40.

Msomaji atauliza: basi nilale au nisilale? Kabla ya kujibu, tazama ni nani hao wanaolala kila siku. Huko Lausanne wanaume, wazee, wavutaji sigara na wenye uzito mkubwa walikuwa wengi zaidi kati yao kuliko kati ya wengine, na baadhi yao hukatikiwa na pumzi usiku bila kujua, wakaamka wamechoka kama hawakulala. Mtu wa namna hiyo analala mchana kwa sababu ana maradhi. Kuulaumu usingizi wake kwa maradhi hayo ni kugeuza mambo. Wa Chicago waliliona hili pia: ugonjwa wa kusahau ulipokuwa ukizidi, na usingizi wa mchana ulizidi. Kilichojaribu kukata fundo hili ni kazi ya mwaka 2023 ya watafiti wa London na Uruguay, waliotumia vinasaba. Mtu hachagui vinasaba vyake kwa sababu ameugua, kwa hiyo waliwalinganisha waliozaliwa na mwelekeo wa kulala mchana na wasiokuwa nao, katika kumbukumbu za watu karibu 379,000 wa Uingereza. Wenye mwelekeo huo walikuwa na ubongo mkubwa kidogo, tofauti ambayo watafiti waliilinganisha na miaka kati ya 2.6 na 6.5 ya uzee. Magazeti yalishangilia. Ripoti hiyohiyo inasema hapakuwa na tofauti katika kumbukumbu ya vitu vilivyoonwa wala wepesi wa kuitikia, na sentensi hiyo haikuonekana sana.

Kwa hiyo kuhusu moyo na uzee mimi sitamwahidi mtu chochote. Faida iliyo imara ni ile ya saa mbili tatu zinazofuata: umakini, wepesi, uvumilivu, na kupungua kwa makosa. Hiyo inatosha kuutetea usingizi mfupi bila kuupachika udaktari. Tahadhari tatu tu. Anayesumbuka kupata usingizi usiku asilale mchana, maana atakuwa anaimaliza mchana ile hamu ambayo usiku angeihitaji. Hata asiye na shida hiyo asivuke saa tisa au saa kumi. Na mtu ambaye hakuwa na desturi, akajikuta ghafla hawezi kumaliza siku bila kulala saa nzima, akapimwe sukari, damu na pumzi yake ya usiku badala ya kununua mto mzuri.

Hadi hapa nimezungumza kama vile kila mtu ana kitanda cha kuchagua kukilalia. Wengi hawana, na hapo ndipo utafiti wa Chennai, India, unapoingia. Wachumi watano, Pedro Bessone, Gautam Rao, Frank Schilbach, Heather Schofield na Mattie Toma, waliuchapisha mwaka 2021, na kwa msomaji wa Dar es Salaam, Mombasa au Kampala una thamani kuliko tafiti za Uswisi. Watu 452 wa kipato cha chini waliajiriwa kuingiza takwimu kwenye kompyuta, wakilipwa kwa kadiri ya kazi. Mazingira yao ya usiku tunayajua: chumba kimoja watu wengi, joto, mbu, honi, muziki wa jirani. Walikaa kitandani kama saa 8, na usingizi halisi walioupata ulikuwa saa 5 na nusu, tena wa vipande vipande. Watafiti waliwapa magodoro, feni, vizibo vya masikio na vifunika macho, na wengine wakalipwa kwa kila dakika waliyoongeza. Wakaongeza usingizi wa dakika 27 kila usiku. Baada ya wiki tatu, tija haikuongezeka, kipato hakikuongezeka, afya haikubadilika kwa namna iliyoonekana. Usiku uliokatikakatika, ukiuongeza nusu saa, bado umekatikakatika.

Kando ya hapo, baadhi yao walipewa nusu saa ya kulala mchana palepale kazini, sehemu tulivu yenye kitanda. Hao walibadilika. Kasi yao ya kazi iliongezeka kwa kiasi cha asilimia 2, umakini ukapanda, wakajisikia vizuri zaidi, na wakaweka akiba zaidi ya wenzao.

Wachumi hao hawakuishia hapo, na uaminifu wao ndio ulionivutia. Wasiolala waligawanywa: wapo waliolazimishwa kupumzika nusu saa hiyohiyo bila kulala, na wapo walioachwa waendelee kuchapa kazi. Ukimlinganisha aliyelala na aliyekaa bure, aliyelala alipata fedha zaidi. Ukimlinganisha na aliyeendelea kufanya kazi, aliyelala alipata kidogo, kwa sababu ongezeko la asilimia 2 haliwezi kufidia nusu saa nzima iliyokatwa kwenye siku. Anayelipwa kwa kipande, kulala kunamgharimu.

Hesabu hiyo ukiileta huku inatoa majibu tofauti kwa watu tofauti. Mwajiriwa rasmi wa Tanzania ana saa yake tayari: Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, kifungu cha 23, inampa mapumziko ya dakika 60 zisizopungua kila anapofanya kazi mfululizo kwa zaidi ya saa tano. Kula kunachukua dakika 25. Zilizobaki huishia kwenye simu au foleni ya M-Pesa, na kwa muda kama huo Chennai ilishaonyesha kwamba kulala kuna faida kuliko kukaa. Mwajiri hapotezi hata dakika moja. Anachotakiwa kutoa ni chumba chenye mkeka na mlango unaofungika, na kuacha kucheka. Hapo sioni hoja ya upande wa pili yenye nguvu.

Bodaboda amekwisha kupiga hesabu yake mwenyewe. Pita kijiweni saa nane, jua likiwa kali na abiria wachache: kichwa kiko kwenye kiti cha nyuma, miguu imepandishwa juu ya usukani, helmeti iko tumboni, simu imeshikwa mkononi ili ikiita aisikie. Kariakoo kuli amelala ndani ya mkokoteni wake uliogeuziwa kivulini, mguu mmoja nje. Hawa wanalala katika muda ambao kazi haipo, kwa hiyo hawapotezi kitu. Na nadhani hata ule ugumu wa kitanda unawafaa, kwa kuwa mwili haupati raha ya kuteremka mpaka kwenye mawenge. Mama anayeuza mboga hana bahati hiyo. Akilaza kichwa juu ya kanga yake iliyokunjwa, anamwachia nani meza?

Wanaobaki ni wale ambao kazi yao inawanyima usiku na kuwaadhibu wakisinzia: muuguzi wa zamu, mlinzi wa getini, dereva. Kwa dereva ushahidi ni wa moja kwa moja. Ajali za usingizi barabarani zina vilele viwili, kimoja usiku wa manane kuelekea alfajiri, cha pili kati ya saa nane na saa kumi mchana. Jim Horne na Louise Reyner wa Chuo Kikuu cha Loughborough, Uingereza, walijaribu tiba mbalimbali katika miaka ya 1990. Kufungua dirisha na kupandisha sauti ya redio, silaha za kila dereva wa lori, hazikufua dafu. Iliyofanya kazi ni kunywa kahawa kisha kulala papo hapo chini ya dakika 15. Kahawa huchukua karibu nusu saa kufika inakotakiwa, kwa hiyo dereva anaamka adenosini imepungua na kahawa ndiyo inaingia kazini.

Dakika 15 na kikombe cha kahawa ni nafuu kuliko matengenezo ya breki. Mabasi ya masafa marefu Tanzania yaliruhusiwa tena kusafiri usiku mwaka 2023, baada ya marufuku ya miaka mingi, na wapo madereva wanaopeana zamu njiani. Dereva wa lori la kwenda Tunduma yuko peke yake na utingo. Akiegesha kando ya barabara alale, anaogopa wezi wa mafuta, anaogopa simu ya tajiri anayeona kwenye mtambo wa kufuatilia magari kwamba gari limesimama, na anaogopa kupoteza nafasi kwenye foleni ya mpakani. Tajiri huyo akiuliza kwa nini gari limesimama dakika 20 saa tisa mchana, dereva atasema tairi.